Daftari la Mkulima Lisiwe la Hesabu Tu



Kila mwezi watu huja ofisini kwetu na fomu za mradi. Zimejazwa vizuri: lita za maziwa, magunia ya viazi, mifuko ya mbolea. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuzipokea. Lakini nikiuliza, "Je, msimu huu umejifunza nini?" wengi hucheka na kusema, "Bwana karani, hilo halimo katika fomu." Ni kweli, halimo. Na mimi naona hapo ndipo tunapokosea.

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, jamaa nyingi zilipewa kwa mkopo mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Pamoja na shamba walipata mpango uliotengenezwa ofisini: ng'ombe wangapi, pareto kiasi gani, faida gani itazamiwe. Hata hivyo wengi walichelewa kulipa madeni yao. Mpango wa ofisi hauwezi kujua kila kona ya shamba lako. Anayeweza kuijua ni wewe, ukiitazama na kuifikiria.

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Nina robo ekari ya viazi. Msimu wa kwanza mashina machache yalinyauka hali majani bado ni ya kijani. Nikasema ni jua. Msimu wa pili yakanyauka mengi zaidi. Nikasema ni upungufu wa mbolea, nikachukua mfuko mwingine kwa deni. Msimu wa tatu nikavuna madebe manne tu. Daftari nilikuwa nalo, na hesabu zote zilikuwa sawa. Hasara niliiandika kwa mwandiko mzuri sana!

Mke wangu ndiye aliyeniuliza, "Baba watoto, mbegu hizi umezitoa wapi?" Nikarudi nyuma katika daftari. Misimu yote mitatu mbegu ilikuwa ya shamba lile lile, na udongo ule ule. Nikakata shina, nikalitia katika gilasi ya maji safi. Utomvu mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Mbolea haiuponyi, wala hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Shauri lake ni mbegu safi, na kuhamisha viazi mahali pengine. Pale palipougua panda mahindi kwa misimu kadhaa, wala usipande nyanya au biringanya, kwa kuwa ni jamaa moja na viazi.

Katika chuo cha ualimu tulilazimishwa kuandika maneno machache baada ya kila somo: nini kilifaulu, nini kilishindwa. Tuliona ni adhabu. Kumbe shamba nalo ni darasa, na mimi nilikuwa nimesahau.

Basi nashauri hivi. Mara moja kwa juma, jioni, jibu maswali manne. Nilitazamia nini? Kumetokea nini? Kwa sababu gani? Nitabadili jambo gani moja? Nasema moja, kwa maana ukibadili mbegu, mbolea na nafasi kwa pamoja, hutajua ni lipi lililosaidia. Tena acha mistari michache kama zamani, upate kulinganisha.

Wengine watasema hawajui kuandika. Mtoto wa shule na aandike, mzee aseme. Na mama anayekama ng'ombe asikilizwe, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuona maziwa yakipungua.

Wengine huogopa kwamba wakikiri kosa watanyimwa mkopo. Hofu hiyo naielewa. Fomu ni ya ofisi, lakini daftari ni lako, wala hulazimishwi kumwonyesha mtu. Nasi wa maofisini tuna sehemu yetu. Mkulima akisema, "Nilikosea," tusimkaripie, bali tumkaribishe aeleze. Tukimkaripia leo, kesho atatuletea hesabu nzuri na shamba bovu.

Wazee walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nililirudia mara tatu, na mfuko ule wa mbolea bado naulipia. Chukua daftari lako jioni ya leo, ujiulize kabla mvua hazijaanza. Deni la shamba hulipwa kwa mavuno, halilipwi kwa fomu.