Kwani lazima tungoje Krismasi?

Desemba iliyopita nilisafiri na dadangu na wanawe wawili, wa miaka mitatu na mitano, kutoka Nairobi hadi Kakamega. Nauli ilikuwa imepanda maradufu, kwa hivyo mdogo nikampakata njia nzima. Alinitapikia kabla hata hatujafika Nakuru. Januari, dadangu akakopa karo ya mkubwa.

Jameni, si shule hufungwa mwisho wa Oktoba ama hapo mwanzo wa Novemba? Novemba mabasi yana nafasi, na nyanya yuko tu nyumbani. Najua, walioajiriwa hungoja likizo ya kazi. Lakini dadangu anauza mitumba, bosi ni yeye mwenyewe, na Desemba ndio wateja hufurika! Nimeshamwambia: mwaka huu mkubwa akifunga Ijumaa, Jumapili tuko njiani. Mdogo nitamkatia tiketi yake.