KISICHOONEKANA NACHO KIKAGULIWE

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvika. Msemo huo hunijia mara nyingi nyakati za jioni, nisimamapo kando ya barabara pale Mafubira, katika divisheni ya kaskazini ya Jiji la Jinja, nikitazama magari yanayorejea nyumbani. Huja gari moja lililojazwa spika hadi kwenye kioo cha nyuma, likitetemesha madirisha ya maduka, na dereva wake hasikii honi ya lori lililo nyuma yake. Punde hufuata gari jingine la aina ileile, lililo kimya, lenye redio ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukibahatika kuketi ndani yake, utasikia taarifa ya habari kwa uwazi kana kwamba msomaji yuko kiti cha nyuma. Wapita njia hawana habari kwamba ndani ya milango ya gari hilo imefanyika kazi kubwa.

Nia yangu leo ni kulitetea gari hilo la pili, kisha kulionya. Nalitetea kwa sababu askari mwenye gari lake mwenyewe ana haki ya kusikia vizuri bila kujitangaza. Nalionya kwa sababu kazi iliyofichwa ndiyo inayohitaji uaminifu mkubwa kuliko kazi iliyo wazi.

HAJA YENYEWE

Wengi wetu, wanajeshi kwa polisi, tumeyapata magari yetu kwa mikopo ya vyama vya akiba, tukalipa kidogo kidogo kutoka katika mshahara. Mengi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani. Sheria iliyotungwa mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yaliyofikia umri wa miaka 15, lakini hata gari la miaka kumi laweza kuja na spika za karatasi zilizochakaa na redio inayomsemesha mwenyewe kwa Kijapani.

Ugumu mkubwa zaidi ni masafa. Kwa miaka mingi masafa ya FM huko Japani yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, ndipo baadaye yakaongezwa hadi 95. Hapa kwetu masafa hayo huanzia 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio nyingi za magari ya Kijapani husikia ncha ya chini tu ya masafa yetu. Mtu aliye Jinja huenda asiutambue upungufu huo upesi, maana kituo cha NBS kilicho katika 89.4 hukipata bila taabu. Lakini na aondoke, aelekee Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Afikapo chini ya mlima wa Wanale, Step FM iliyo katika 99.8 na Open Gate iliyo katika 103.2 hazimo kabisa katika redio yake. Amekuwa kiziwi katika nchi yake mwenyewe. Kwa raia huo ni usumbufu. Kwa askari aliyehamishiwa mahali pageni, kutosikia habari na matangazo ya mahali hapo ni upungufu katika kazi yake.

Wako wanaokimbilia kuing'oa redio ya kiwandani na kuweka mpya yenye taa za rangi. Sina ugomvi nao, ila nawakumbusha mambo mawili. Redio ing'aayo usiku ni mwaliko kwa mvunja vioo. Tena dashibodi iliyokatwa kwa msumeno haikatuki upya, na siku ya kuliuza gari mnunuzi atapunguza bei kwa jeraha hilo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

JINSI KAZI IFANYWAVYO

Kazi ya kuiboresha sauti bila kubadili sura ya gari ina hatua nne, nayo si siri ya waganga.

Kwanza ni masafa. Kipo kifaa kidogo, kama kiberiti hivi, kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Kile kinachoshusha kwa megahezi 15, kwa mfano, hukifanya kituo cha 103.2 kipatikane katika 88.2, na cha 99.8 kipatikane katika 84.8. Huna budi kukijua kipimo cha kifaa kabla ya kukinunua, kwani kila kipimo hufungua baadhi ya vituo na kufunga vingine. Andika kwanza vituo unavyovihitaji, ndipo ununue.

Pili ni mlango wenyewe. Mlango wa gari ni debe la bati lenye matundu. Spika hupeleka sauti mbele na nyuma pia, na sauti ya nyuma ikipenya katika matundu hukutana na ile ya mbele, nazo huuana. Besi ndiyo hufa kwanza. Fundi mwema huvua ubao wa ndani wa mlango, husafisha bati, kisha hubandika karatasi nzito za mpira zenye uso wa alumini, akiyaziba matundu makubwa bila kuyagusa yale ya chini yanayotoa maji ya mvua. Ubao ukirudishwa, hakuna kinachoonekana. Mara nyingi hatua hii peke yake humfanya mwenye gari adhani ameuziwa spika mpya.

Tatu ni spika. Za kiwandani huwa na sumaku ndogo na karatasi nyepesi iliyokwisha kunywa unyevu wa miaka kumi. Zaweza kubadilishwa kwa nyingine za kipimo kilekile, zikakaa nyuma ya wavu uleule.

Nne, kwa anayetaka zaidi, ni amplifaya ndogo chini ya kiti. Hapa sanduku la dukani lenye maandishi ya wati 50 mara 4 lisikudanganye. Umeme wa gari injini ikizunguka ni volti 14 hivi, na kwa spika ya kawaida ya omu 4, redio isiyosaidiwa haiwezi kutoa sauti safi ya zaidi ya wati 20 hivi kwa kila spika. Hizo 50 ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Amplifaya huupokea mlio kutoka katika nyaya za spika za redio ileile ya kiwandani, ikauongezea nguvu, na dashibodi ikabaki kama ilivyokuja.

HATARI ILIYO CHINI YA ZULIA

Hadi hapo nimelitetea gari la pili. Sasa nalionya.

Miaka michache iliyopita sajini mmoja, rafiki yangu, alinipa nafasi garini mwake kutoka Mafubira kwenda Mbale mazishini. Mama yake mzazi aliketi nyuma. Mpaka Iganga tuliisifu sauti ya gari lile, maana lilikuwa limetengenezwa majuma mawili tu yaliyopita na hakuna ambaye angetambua. Tulipokaribia Tirinyi, harufu ya mpira unaoungua ikatufikia, kisha moshi ukatoka chini ya zulia, miguuni pa mama. Tulimtoa mzee upesi, sajini akafungua boneti na kuung'oa waya wa betri kwa mkono, akaunguza vidole viwili. Dakika chache zaidi, na gari ambalo alikuwa bado analilipia lingekuwa majivu.

Tulipolifunua zulia tuliona yote. Waya mkubwa wa umeme ulikuwa umepitishwa chini ya chuma cha kiti, na kiti kikausaga kila kiliposogezwa. Huko kwenye betri haukuwa na fyuzi. Sajini alinitazama akasema, "Afande, pesa nilimlipa zote, lakini sikumwomba anionyeshe." Fundi yule, naamini, hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu ajuaye kwamba zulia litafunika.

Tufanye hesabu fupi. Amplifaya inayotoa wati 300, hata isipopoteza chochote kwa joto, huvuta karibu ampea 22. Nayo hupoteza, kwa hiyo huvuta zaidi. Nyaya za redio ya kiwandani hulindwa kwa fyuzi ndogo kwa sababu hazikuwekwa kubeba mzigo huo. Ndiyo maana amplifaya hudai waya wake wenyewe kutoka betrini, wa shaba halisi na unene unaofaa, wenye fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya huo ukipenya ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria, upite katika mpira wa kuukinga. Ukipita sakafuni, ukae mbali na vyuma vya viti. Waya wa kurudishia umeme uwe mfupi, ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Kabla ya kazi betri hufunguliwa, na hapo kuna mtego mwingine. Baadhi ya redio za Kijapani zikikatiwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri. Muulize fundi mapema atafanyaje, usije ukarudi nyumbani na kioo cheusi chenye maandishi usiyoweza kuyasoma.

KISANDUKU CHINI YA KITI

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi kuliko raia. Hatujasahau Oktoba na Novemba mwaka 2021, mabomu yalipolipuka Komamboga, ndani ya basi huko Mpigi, na katikati ya Kampala. Tangu siku zile kila askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani amefunzwa kuyaogopa masanduku yenye nyaya yaliyofichwa. Sasa tafakari, ndugu yangu: konstebo kijana anainama usiku na tochi yake, anaona chini ya kiti chako kisanduku cheusi, nyaya nyekundu na nyeusi, na kijitaa kinachowaka. Ana haki ya kushtuka. Si haki yako kumkemea kwa sababu wewe ni afande wake. Mwambie kabla hajainama, naye akikutaka ushuke, shuka.

Hivyo basi, kilichofichwa machoni kisifichwe katika kumbukumbu. Weka karatasi moja ndani ya kisanduku cha dashibodi, uandike kilichowekwa, tarehe, mahali nyaya zinapopita, ukubwa wa fyuzi na mahali ilipo. Ambatisha risiti. Karatasi hiyo itamsaidia polisi kizuizini, fundi atakayefuata, na mnunuzi wa gari hilo siku utakapoliuza. Mficha uchi hazai, na mficha nyaya hupata moto.

Kuhusu gari la serikali sina maneno mengi. Lisiguswe. Awe dereva wa kamanda au mkuu wa kituo, hana ruhusa ya kuchomeka hata waya mmoja katika mali ya umma bila idhini ya karakana na maandishi yake. Kwamba haitaonekana si hoja. Ikiwa sababu ya kulitenda jambo ni kwamba halitaonekana, basi ni kosa hata kabla ya kutendwa.

MASIKIO NI SILAHA

Watakuwapo watakaouliza, askari na muziki vina uhusiano gani? Jibu langu ni kwamba masikio ya askari ni silaha yake, na sauti safi huyalinda. Redio inayokoroma hutufanya tuongeze sauti ili tuyatambue maneno, na kadiri tunavyoiongeza ndivyo inavyokoroma. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za siku, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu. Katika desibeli 100 zimebaki dakika 15 tu. Sisi ambao masikio yetu yamekwisha kuchokozwa na milio ya bunduki hatuna akiba ya kuchezea. Kadhalika, kanuni za kelele zipo, na ni aibu kwa polisi kumkamata kijana wa mtaani kwa kelele ambayo hata yeye huifanya garini mwake.

Nilipokuwa kadeti, tulikuwa na mkufunzi mmoja ambaye katika ukaguzi wa asubuhi hakuvitazama viatu vyetu vilivyong'aa. Alivipita, akageuza godoro. Tulimchukia miezi miwili ya kwanza. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa akitufunza kulitandika godoro pande zote mbili, ili siku ambayo yeye hayupo litandikwe vivyo hivyo.

Basi, ndugu askari, boresha gari lako kimya kimya, usijitangaze kwa debe tupu. Lakini kabla fundi hajarudisha zulia na ubao wa mlango, simama, uiname, uguse kila waya kwa mkono wako, uulize fyuzi iko wapi. Akinung'unika, mwambie hulipi mpaka uone. Zulia likisharudishwa, hakuna mkaguzi mwingine atakayepita.