Bariamu Kwanza

Wanaotaka picha ya kumeza bariamu iachwe wamesikika mno katika mjadala wa kuchunguza wagonjwa wanaoshindwa kumeza, na makala za toleo hili nimezipanga kuwapinga. Wanasema endoskopi huona na kuchukua kinyama papo hapo, kwa hiyo bariamu ni kupoteza muda. Katika ukanda wetu wa saratani ya umio, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, haraka hiyo inaeleweka. Mkulima wa Njombe asiyeweza tena kumeza ugali hufika amekonda, na wodi nzima imeshamhukumia saratani.

Lakini leiomayoma ipo. Miongoni mwa vivimbe vya umio visivyo saratani, ndiyo inayoongoza, karibu theluthi mbili. Humea ndani ya msuli, chini ya utando usio na kidonda. Kamera huona kinundu laini, koleo hurudi na utando mtupu, na majibu ya maabara hayasemi kitu. Koleo likichimba zaidi, kovu huugandisha utando kwenye uvimbe, na mpasuaji atakayekuja kuuchomoa anaweza kuutoboa umio. Bariamu ingemtahadharisha mapema: pengo lenye ukingo laini, linalokutana na ukuta wa umio kwa pembe mraba au butu kidogo. Saratani iliyokomaa kwa kawaida huacha ukingo uliolika na njia iliyobanwa. Tofauti hiyo ina uzito mahali kama Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Mgonjwa wa pale anahitaji picha hiyo kabla hatujamwambia apande basi la kwenda wapi, na kwa haraka gani.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya ultrasaundi ya ndani ya umio ni nzuri: hakuna kipimo kinachoonyesha vizuri zaidi tabaka ambalo uvimbe umeota. Hata hivyo, tusikae tukikisubiri. Ya CT isomwe na kila anayekutana na polipu ndefu yenye mafuta, inayoning'inia kutoka umio wa juu. Baadhi ya tulizoziita salama zimethibitika kuwa liposarkoma. Ya gharama inajieleza.

Ninyi mnaoongoza vitengo vya radiolojia, wafundisheni vijana kupiga bariamu ipasavyo: mgonjwa asimame, alale, ageuzwe, apigwe picha akiwa anameza. Mkiona ukingo laini, andikeni wazi kwenye ripoti kwamba uvimbe huenda uko chini ya utando, na kwamba kinyama kisichukuliwe kabla ya kushauriana na mpasuaji.