Mark X ina mbio, ila Mkwakwani nendeni na Forester

KILA Simba au Yanga inapopangiwa Coastal Union pale Mkwakwani, Tanga, ubishi huanza mapema kwenye vijiwe vya Mwenge, Tegeta na Bunju. Si ubishi wa nani atafunga. Ni wa ndinga ipi itatangulia kufika: Toyota Mark X au Subaru Forester yenye turbo. Una ushabiki uleule wa Kariakoo, ukishachagua upande hakuna kurudi nyuma.

Kwa mashabiki wa upande huu wa Dar es Salaam, njia ya Tanga siku hizi inapita Bagamoyo. Unavuka Mto Mpiji, unaziacha Mapinga, Kerege na Zinga, ukifika Makofia unakata kushoto kwenda Msata. Kilometa 64 za lami, foleni ya Kibaha huioni kabisa. Hiyo ndiyo barabara ya kuamulia kesi hii, kwa sababu ndiyo inayoendeshwa, tena na watu wenye mke na watoto ndani ya gari.

Kwenye makaratasi hakuna mshindi. Mark X ya kwanza, ile ya mwaka 2004 hadi 2009 iliyozagaa mitaani, yenye injini ya V6 ya lita 2.5, ina nguvu farasi 215. Forester XT ya lita mbili ya miaka hiyohiyo ina 220. Farasi watano hawafungi bao. Zaidi ya hapo, magari haya yametengenezwa kwa soko la Japan na yote mawili yamefungiwa spidi ya mwisho ya kilometa 180 kwa saa. Kwa hiyo wale wanaotambiana nani anaifikia 200 wanatambiana hewa. Na kabla ya 180 kuna matuta, kuna rasta, kuna kibao cha 50 kila penye nyumba, kuna askari na tochi yake. Faini ipo na hawaulizi unaendesha nini.

Kinachobaki kushindaniwa ni raha ya usukani na jinsi gari linavyoshika barabara. Hapa Mark X ina hoja nzito.

Injini yake haisubiri. Ukikanyaga inaitika hapohapo, na gia zake sita zinabadilika bila abiria kushtuka. Inasukumwa na matairi ya nyuma, hivyo ya mbele hayana kazi nyingine zaidi ya kukata kona, na dereva anayejua kuendesha anaisikia tofauti hiyo mikononi. Kipande cha Makofia hadi Msata, asubuhi, lami kavu, ukilivuka daraja la Ruvu Chini na barabara imenyooka mbele yako, hakuna gari la familia la bei hiyo linaloteleza kwa utulivu namna ile. Mtoto analala, redio inasikika. Ni Tuisila Kisinda wa enzi zile za Yanga: mpe nafasi mbele yake na uwanja mzuri, humkamati.

Tatizo ni hilo neno, uwanja mzuri.

Forester haina uungwana huo. Ile ya otomatiki ina gia nne tu, turbo yake inavuta pumzi kidogo kabla ya kukurupuka, na kwa kuwa ni gari refu kwenda juu, kwenye kona inainama kuliko Mark X. Kiti cha nyuma cha ile ya mwaka 2002 hadi 2007 kinambana mtu mwenye miguu mirefu. Lakini injini yake imelala, pistoni zinapigana ngumi kulia na kushoto badala ya kusimama, hivyo uzito uko chini. Na nguvu inakwenda matairi yote manne. Haya mambo hayakubuniwa kwa ajili ya kwenda dukani. Forester ilitoka mwaka 1997 ikiwa imejengwa juu ya Impreza, na mwaka huohuo Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya kwa Impreza. Richard Burns akarudia na gari la ukoo huohuo mwaka 2000, kwenye mavumbi na matope tunayoyajua sote Afrika Mashariki.

Sasa leta masika. Kerege maji yanatambaa juu ya lami, bodaboda anachomoka pembeni bila taa, lori lililo mbele limechelewa kukuona, na ukingo wa barabara ni mchanga. Dereva anatoa tairi mbili nje, anarudi ndani. Mark X ikikanyagwa kwa pupa hapo, mkia unataka kutangulia. Yenye kizuizi cha kuteleza inajitahidi, lakini inajitahidi juu ya matairi ya aina gani? Forester inarudi barabarani kama vile hakuna kilichotokea. Ndiye Khalid Aucho: hapigi chenga za kushangiliwa, ila mpira unaoelekea kupotea anaurudisha. Ukimalizia safari kwenye fukwe za Bagamoyo, vijia vyake vya mchanga vitaikwangua Mark X tumboni.

Kwa safari hii na familia ndani, Forester inashinda. Si kwa mbali, ila inashinda.

Ila wenye Forester wasishangilie kama wamebeba kombe. Kwanza, wengi wao hawana hiyo turbo. Forester ya kawaida ya lita mbili ina farasi wapatao 140, na wapo wanaobandika lile tundu la hewa juu ya boneti ili kijiweni waheshimiwe. Hiyo kwa Mark X ni mteremko. Pili, kuvuta kwa matairi manne kunasaidia gari kuondoka na kupita kona, hakusaidii kusimama. Breki ni breki. Ukiingia mteremko wa Wami usiku ukiamini neno Subaru, utafika chini na mwendo uleule kama wa mtu mwingine yeyote. Mashabiki waliotoka kufungwa, wanaokimbizana kurudi Dar usiku huo ili kesho wawahi kazini, watoto wamelala nyuma bila mkanda, hilo hulisikii kwenye ubishi wa vijiweni, na ndilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Tatu, gharama. Mark X ina cheni ya taimingi. Forester ina mkanda wa kubadilishwa kwa wakati wake, ukikatika injini imekwenda, na turbo haisamehe anayechelewesha oili. Mtu aliyenunua Forester kwa pesa yake yote ya mwisho, akabaki na matairi ya mtumba na fundi wa kubahatisha, ni afadhali mwenye Mark X iliyotunzwa.

Wenye Mark X wataendelea kubisha, na asubuhi kavu baada ya daraja la Ruvu Chini wana haki yao ya kutabasamu. Mvua ikianza, wasogee kushoto waipishe Forester.