KIUNO CHAKO KIANDIKWE SAWASAWA



Naandika haya nikiwa kwetu Langoni, Lamu, kwa kuwa kiuno changu bado hakinipi ruhusa kurudi kazini relini. Siku ile tulikuwa tukibeba taruma. Mwenzangu akateleza, uzito wote ukaniangukia mimi. Hospitalini niliulizwa, "Una nini?" Nikajibu, "Kiuno chauma." Likaandikwa hilo hilo, na kando yake alama M54.5. Nilipodai fidia nikaambiwa, karatasi yako haisemi kuwa uliumia kazini. Na kweli haikusema, maana mimi mwenyewe sikusema.

Ndugu zangu, alama hizo si uchawi. Zimo katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani. M54.5 maana yake ni maumivu ya kiuno, basi. Haielezi yametoka wapi. Lakini S33.5 ni jeraha: kiuno kimeteguka. Na X50 yaeleza kuwa mtu alijikaza kupita nguvu zake. Orodha mpya ilianza mwaka 2022, na alama zake ni nyingine, lakini jambo ni lile lile: lisiloandikwa halihesabiwi.

Simwambii mtu amtake daktari aandike uongo. Viuno vingi huuma bila ajali, na kupima ni kazi yake. Lakini daktari hakuwapo relini. Asipoambiwa, ataandika nini?

Basi mwambie siku, saa, mzigo, na jinsi ulivyoumia. Mwombe aandike. Soma kabla hujatoka. Asiyejua kusoma aende na mwenzake. Mwarifu msimamizi siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri apeleke habari za ajali serikalini katika siku 7 tangu apewe taarifa, na madai ya fidia yapelekwe katika miezi 12 tangu ajali.

Chama nacho kina wajibu. Kila tawi liwe na daftari la ajali, na karani wa kumsaidia mwanachama kuisoma karatasi yake. Twagombania mshahara, na ni haki yetu. Lakini mshahara huo hubebwa na kiuno. Kikivunjika bila kuandikwa, hasara ni ya watoto wetu.

Wenu katika umoja,
Mfanyakazi wa Reli, Langoni