Mpya ya bei chee, mtumba wa ofisini

Na Zuhura Mkangara

Mzazi anayemtafutia mwanafunzi wa chuo kompyuta mpakato kwa Sh600,000 au Sh700,000 hukuta dukani bidhaa za aina mbili. Ya kwanza imo ndani ya boksi, nailoni haijabanduliwa, stika zinang'aa, na muuzaji anaitaja waranti ya mwaka mmoja kabla hajaulizwa. Ya pili iko rafu ya nyuma: nyeusi, nzito kidogo, kona zimechubuka, na kwenye tumbo lake pengine bado kuna kibandiko chenye namba ya mali ya kampuni fulani ya Ulaya. Wengi huondoka na boksi. Nasema kwamba kwa bajeti hiyo, boksi ndilo linalomlia mtu pesa, na kwamba ile nyeusi, ikichaguliwa kwa uangalifu, itamfikisha mwanafunzi mwisho wa chuo na bado itamfaa mdogo wake. Msisitizo uko kwenye hilo la uangalifu, maana mitumba nayo ina takataka zake, na mwaka huu zimezidi.

Tufungue boksi kwanza. Mashine mpya ya bei hiyo mara nyingi hubeba prosesa ya daraja la Celeron, mfano N4020 iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na viini viwili tu, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo kiteknolojia ni ndugu wa memori kadi na haifikii kasi ya SSD. Sasa tazama Microsoft wanasema nini kuhusu Windows 11: kima cha chini ni RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kwa hiyo mteja ameuziwa kitu kilichokanyaga mstari wa chini kabisa siku ya kwanza, na masasisho ya programu kila mwaka yanaongeza mzigo, hayapunguzi. Windows yenyewe hula sehemu kubwa ya hizo GB 64 kabla mwenye mali hajahifadhi hata noti moja ya darasani. Fungua Chrome yenye kurasa kumi, Word yenye ripoti ya utafiti na kikao cha Zoom kwa pamoja, na utaanza kuhesabu sekunde kati ya kubofya na kuitikiwa. Na kwa kuwa RAM imechomelewa, hakuna fundi atakayekuongezea. Kweli, Intel walitangaza mwaka 2022 kwamba majina ya Celeron na Pentium yangeondoka kwenye kompyuta mpakato kuanzia 2023, na baadhi ya prosesa zilizofuata, kama N100 yenye viini vinne, ni afadhali kwa mbali. Lakini stoo za wafanyabiashara huchelewa kupata habari.

Ile nyeusi ilizaliwa katika mazingira tofauti. Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018, zilitengenezwa ziuzwe kwa kampuni zinazonunua mamia au maelfu kwa mkupuo, na mnunuzi wa namna hiyo ana masharti. Anataka mafundi wake waweze kufungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ya kawaida, wabadilishe RAM, SSD au betri, na mfanyakazi arudi kazini siku hiyohiyo. Anataka kibodi isiyokufa kwa chai iliyomwagika na bawaba za kioo zisizolegea mapema. Ndiyo maana watengenezaji hao wameweka mtandaoni, bure, vitabu vya ukarabati vinavyoonyesha kila skrubu ilipo, na fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kule Nairobi anaweza kuvifuata hatua kwa hatua. Mwajiri wa kwanza hakuiacha mashine kwa sababu imekufa. Mara nyingi mkataba wa kuikodi ulikwisha baada ya miaka mitatu au minne, au hesabu za uchakavu zilifika sifuri kwenye vitabu vya mhasibu. Hakuna anayeona aibu kununua Toyota iliyotembea Japani miaka minane, wala anayeiacha ili achukue gari jipya lenye injini ya pikipiki. Kwenye kompyuta tunafanya hivyo kila siku.

Sasa tuje kwenye mwaka wa kutengenezwa, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au ya AMD kuanzia familia ya Ryzen 2000, ukiacha chache zilizosamehewa. Ofisi za Ulaya na Marekani zenye mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo bado zinawaka vizuri, hazina sababu ya kuendelea nazo, na zinazotoka huko baadhi yake huishia kwetu. Mstari kati ya kizazi cha saba na cha nane nao si wa Microsoft peke yao. Mwaka 2017 Intel waliongeza viini vya prosesa za i5 na i7 za kompyuta mpakato nyembamba kutoka viwili hadi vinne: i5-7200U ina viwili, i5-8250U iliyoifuata ina vinne. Kwa hiyo muuzaji anayepaza sauti "hii ni Core i7" hajakwambia kitu. Kuna i7-4600U ya mwaka 2013, yenye viini viwili, ambayo i5-8250U inaiacha mbali sana. Soma tarakimu zinazofuata kistari: 4600 ni kizazi cha nne, 8250 ni cha nane, 10210 ni cha kumi, 1135 ni cha kumi na moja. Stika ya nje inaweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo usomee ndani ya mashine.

Kusomea ndani hakuhitaji utaalamu. Mashine ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, na jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski vyote viko hapo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na utaambiwa kama chipu ya usalama ipo na ni toleo gani. Kuiona Windows 11 ikiwaka si ushahidi wa kutosha, kwa sababu wanaopiga Windows madukani wana njia za kuruka ukaguzi huo na kuisimika hata kwenye mashine ya kizazi cha nne. Itawaka leo, lakini Microsoft hawaahidi kwamba itaendelea kupata masasisho. Kwa betri, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa wa sasa haufiki nusu, bei ya betri mpya ikatwe kwenye mazungumzo. Mwisho, na wengi hulisahau hili: izime, iwashe, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uone kama kuna nywila usiyopewa, kisha omba isafishwe kabisa na iunganishwe na intaneti mbele yako. Kama itajitambulisha kwa jina la kampuni na kudai akaunti ya mfanyakazi, iache hapohapo hata kama bei imeshuka kwa nusu. Kwa MacBook za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, kufuli ya mmiliki wa zamani inaweza kuigeuza mashine kuwa sinia.

Watakaonipinga wataanza na waranti, na hoja yao ina uzito. Mwaka mzima wa dhamana si kitu cha kudharau. Hata hivyo uliza dhamana hiyo inatekelezwa wapi, na nani, na vipuri viko nchi gani. Mashine ambayo RAM, hifadhi na bodi ni kipande kimoja ikiharibika nje ya dhamana, mara nyingi tiba yake ni bodi nzima, na bei ya bodi humfanya mwenye mali aifungie kabatini. Kwenye mashine ya ofisini ugonjwa huwa na jina: betri imechoka, SSD imekufa, feni imejaa vumbi. Vyote vina bei inayolipika na fundi wa mtaani anavimudu. Ninachokubaliana nao ni kwamba mnunuzi wa mtumba asikubali maneno matupu. Risiti iandikwe namba ya kiwandani (serial number) ya mashine hiyo na muda wa kuirudisha, hata ikiwa ni miezi mitatu, na muuzaji anayekataa kuandika amekupa sababu ya kwenda duka la pili. Risiti hiyo pia ndiyo kinga yako ikitokea mtu akadai mashine iliibwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema tunageuzwa jalala. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Uganda ilitangaza katika bajeti yake ya 2009 kuzuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika, na nia yake ilieleweka. Siwapuuzi. Kontena linaloletwa likiwa na mashine nusu mbovu ni taka iliyovalishwa jina la biashara, na linastahili kuzuiwa bandarini. Lakini marufuku ya jumla haitofautishi kati ya kontena hilo na Latitude iliyobaki na miaka mitano ya kazi, na wala haigusi chanzo kingine cha taka, yaani ile mpya ya bei chee isiyotengenezeka, ambayo nayo itakuwa taka mapema na hakuna anayeihesabu kwa sababu iliingia nchini ikiwa kwenye boksi. Zaidi ya hapo, takwimu za watengenezaji wenyewe zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya kompyuta mpakato hutolewa wakati wa kuitengeneza, si wakati wa kuitumia. Kuirefushia maisha iliyokwisha kutengenezwa ndiko kunakopunguza madhara.

Wapo pia watakaouliza kwa nini wasichukue kizazi cha sita kwa bei ya kutupa, waweke Linux, na shida ikaisha. Kwa mtu anayeandika, anayesoma na anayevinjari, Linux Mint kwenye mashine ya namna hiyo yenye SSD hufanya kazi vizuri, na ni bure. Ningemshauri hivyo bila kusita mwenye laki tatu. Kwa mwanafunzi wa uhasibu au uhandisi ambaye programu zake zinataka Windows, hapana. Na yeyote anayepanga kununua yenye GB 4 ili aongeze baadaye aangalie soko la RAM kwanza. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimepanda sana kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na mwezi Desemba mwaka huo Micron walitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yao ya RAM na SSD kwa wateja wa kawaida. Chukua yenye GB 8 au 16 tayari ndani yake, maana unaweza kuja kulipia nyongeza bei inayokaribia robo ya kompyuta.

Nisingeyasema haya kwa kila mnunuzi. Mwenye Sh1,500,000 na zaidi, hasa anayehariri video au anayesafiri na mashine kutwa nzima mbali na umeme, ana sababu nzuri za kununua mpya, kwa sababu kwa bei hiyo mpya huja na prosesa ya maana, SSD halisi na betri isiyo na historia. Wanaonitia wasiwasi ni wakuu wa shule na maofisa ugavi wanaoandika kwenye zabuni kwamba kompyuta ziwe mpya, kisha wanampa kazi mwenye bei ya chini kabisa. Sharti hilo, likiungana na bei hiyo, huwaletea darasa zima la Celeron zenye GB 4. Wangeandika viini vinne, GB 8 za RAM inayochomoka, SSD ya GB 256, uwezo wa kuendesha Windows 11 bila kuruka ukaguzi, na dhamana ya mwaka kutoka kwa muuzaji mwenye karakana ndani ya mkoa, kisha wawaachie wazabuni waamue zitoke kwenye boksi au kwenye rafu ya nyuma.