Mbio za Motokaa na Roho za Watu

Wenye umri mkubwa kati yenu mwayakumbuka mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika siku za Pasaka. Watu wakitoka kanisani walikwenda kusimama kando ya barabara, watoto mbele, kungoja motokaa na vumbi lake.

Dar es Salaam ilikuwa na fahari yake. Bert Shankland, dreva mkaaji wa mji ule, alishinda mwaka 1966 na tena 1967, kwa Peugeot 404. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam yakaishia huko huko, na Hannu Mikkola wa Ufini akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda. Peugeot ile haikuwa kitu cha ajabu. Za namna hiyo zilibeba watu na mizigo yao kila siku. Basi kijana wa Kariakoo aliyeitazama alidhani naye aweza.

Lakini Safari ile ilikimbiwa katika barabara wazi. Lori, ng'ombe, mama mwenye kuni kichwani, wote walikuwa na haki ya kuwapo. Mwaka 1963 zilianza motokaa zaidi ya 80, zikamaliza 7 tu. Miaka ya baadaye makampuni tajiri yalirusha helikopta juu ya dreva wao, zimwonye kama kuna mnyama au gari mbele. Vema. Ila mama wa kuni hakuwa na helikopta.

Wengi hudhani katika mbio hizi hufa dreva peke yake, tena kwa kupenda kwake. Sivyo. Tarehe 11 Juni 1955, huko Le Mans, Ufaransa, Mercedes ya Pierre Levegh iligonga nyingine, ikaruka, na vipande vyake vikaingia katika umati. Walikufa zaidi ya 80, karibu wote watazamaji. Na mbio hazikusimamishwa! Wenyeji walisema watu wakiondoka wote kwa pamoja watazuia magari ya wagonjwa. Labda, lakini kumpa mtu kombe siku ya pili yake, hilo mimi silielewi. Uswisi ilipiga marufuku mbio za namna hiyo, na marufuku ile ilidumu zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1986 huko Ureno motokaa ilivamia watazamaji, wakafa 3. Miezi miwili baadaye, kisiwani Corsica, Henri Toivonen na mwenziwe Sergio Cresto walianguka bondeni wakateketea kwa moto. Ndipo wakubwa walipoziondoa motokaa zile zenye nguvu kupita kiasi. Hapa jirani, Uganda, dreva Riyaz Kurji alikufa mwaka 2009 katika mashindano ya Pearl of Africa.

Kila kifo kiliacha kitu. Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walikufa huko Imola mwaka 1994, siku mbili zikifuatana. Baada yao viwanja vilibadilishwa na kifaa cha kushika shingo kikawa sheria. Jules Bianchi aliumia kichwa huko Japani mwaka 2014, akafa mwaka uliofuata. Tangu 2018 kuna upinde wa chuma kigumu juu ya kichwa cha dreva. Mwaka 2020 huko Bahrain motokaa ya Romain Grosjean ilikatika vipande viwili ikawaka. Akatoka mwenyewe, ameungua mikono.

Sasa tazama Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kijana wa bodaboda amepakia mshikaki, watu wawili nyuma yake, kofia ngumu imening'inia kwenye usukani, naye ajiita dreva wa mashindano. Dreva wa mashindano haanzi mbio kabla ya kujifunga mikanda!

Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, sasa huko Naivasha, katika njia zilizofungwa. Kama mbio zapita karibu na kwenu, enyi wazazi, msiwaache watoto wasimame upande wa nje wa kona, maana ndiko motokaa hutupwa. Wakae mahali pa juu, mbali na njia. Motokaa moja ikipita, nyingine yaja nyuma yake. Na mbwa wafungwe nyumbani.